Kuelewa Hakupimiki

MBARAKA: Leo Mwalimu amefika kabla yangu. Nalitaja mapema liingie kwenye kumbukumbu, maana mnaotusikiliza tangu zamani mnajua hali ilivyo.

ZUHURA: Usinichokoze, Katibu. Nimewahi kwa sababu sikulala.

MBARAKA: Kulikoni?

ZUHURA: Jumatano nimerudishwa.

MBARAKA: Na seneti?

ZUHURA: Na seneti ya chuo. Mimi na kurasa zangu 84 za andiko la mtaala.

MBARAKA: Pole sana. Lakini ngoja, leo tuna mpango. Wewe mwenyewe uliniletea orodha: mabadiliko ya mtaala yanapita milango ipi, nani mwenye neno la mwisho, na mwalimu anayepeleka andiko kwa mara ya kwanza ajiandae vipi. Mambo matatu.

ZUHURA: Tutayafikia. Kwanza nitoe dukuduku.

MBARAKA: Haya, dakika tano.

ZUHURA: Nilikuwa ajenda namba 9. Nimeambiwa nifike saa 3 asubuhi, nikafika. Nimekaa kwenye benchi la ukumbini, jalada mapajani, ndani nasikia tu viti vikiburuzwa. Saa 7 kasoro mlango ukafunguliwa, karani akaniita kwa jina la idara, si kwa jina langu. "Takwimu za jamii!" Nikaingia. Nimeeleza dakika nne, nimeshukuru, nikauliza kama kuna maswali. Kimya. Nikaanza kufunga jalada, Katibu, naapa nilishaanza kufunga.

MBARAKA: Kosa hilo. Jalada halifungwi mpaka mwenyekiti aseme.

ZUHURA: Mzee mmoja mwisho wa meza, wala si wa fani yetu, akafungua ukurasa wa 31, akaweka kidole. "Mwenyekiti, hapa pameandikwa: mwisho wa kozi mwanafunzi ataelewa misingi ya uteuzi wa sampuli. Ataelewa. Sisi tutajuaje?"

MBARAKA: [anacheka] Hakupimiki!

ZUHURA: Ndivyo alivyosema! "Kuelewa hakupimiki." Basi chumba kizima kikaanza kupekua. Huyu: "Hata ukurasa wa 40." Yule: "Na 52 pia." Wamezihesabu kama watu wanaokota maembe. Zilikuwa 17.

MBARAKA: Kumi na saba!

ZUHURA: Andiko limetoka idarani, likapita kamati ya mitaala ya kitivo, likapita bodi ya kitivo, likapita kamati ya taaluma ya seneti. Milango minne. Hakuna aliyeona hata moja.

MBARAKA: Au waliona, wakaelewa.

ZUHURA: Hakupimiki.

MBARAKA: [anacheka] Basi tufanye hivi. Leo atakayelitamka neno hilo, mwenzake amjibu.

ZUHURA: Sawa. Utajibiwa sana.

MBARAKA: Nikuulize, waliandikaje? "Imekataliwa" au "Imerejeshwa kwa marekebisho"?

ZUHURA: Imerejeshwa.

MBARAKA: Afadhali. Kikao kijacho wewe si ajenda tena. Wewe ni yatokanayo.

ZUHURA: Asante kwa cheo.

MBARAKA: Ni cheo kweli! Yatokanayo yanaanza mapema, watu bado wana nguvu. Mimi nimeandika kumbukumbu za vikao hivyo miaka tisa. Namba 9 inafika watu wanatazama saa.

ZUHURA: Lakini sikiliza kilichonikosesha usingizi. Hiyo sheria ya vitenzi, kwamba kila kitenzi cha mtaala kipimike, watu huiegemeza kwa Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Yeye na wenzake mwaka 1956 walitoa ngazi zao sita za malengo ya kujifunza. Ya kwanza ujuzi wa mambo. Ya pili ni nini?

MBARAKA: Ufahamu.

ZUHURA: Ufahamu! Ngazi ya pili ni huko huko kuelewa...

MBARAKA: Hakupimiki.

ZUHURA: ...Bloom amekipa ngazi nzima, sisi tunakifukuza kwa jina la Bloom!

MBARAKA: Ngazi ni ngazi, Mwalimu, kitenzi ni kitenzi. Ngazi inakuambia mwanafunzi yuko wapi. Kitenzi kinamwambia mtahini amwambie mwanafunzi afanye nini. Hutatunga swali la mtihani linalosema "Elewa sampuli, alama 10."

ZUHURA: Hilo nakubali. Ila niulize walinipa kitenzi gani badala yake.

MBARAKA: Kipi?

ZUHURA: "Kueleza."

MBARAKA: Kizuri. Kinapimika.

ZUHURA: Katibu, nimelala macho juu nalitafakari hilo. "Kueleza" limetoka wapi?

MBARAKA: Sijui... elea?

ZUHURA: Elea! Chombo kinaelea majini. Bibi yangu hakuwa akisema "nimeelewa." Alisema "limenielea." Jambo limeelea, halikuzama, unaliona juu ya maji. Ukilifanya limwelee mwenzio, umemweleza. Likikuelea wewe, umeelewa. Mzizi mmoja, mashua moja! Seneti imekizuia chombo kisielee, ikaruhusu kieleeshwe.

MBARAKA: [anacheka sana] "Kieleeshwe" hilo umelitunga.

ZUHURA: Nimelitunga na linapimika.

MBARAKA: Kwa hiyo wahenga waliposema vyaelea vimeundwa...

ZUHURA: Walikuwa wanazungumzia andiko langu. Miaka miwili ya kuunda. Tumehoji waajiri, tumehoji wahitimu, tumesoma ripoti za mtahini wa nje wa miaka mitatu. Halafu mtu anauliza rangi ya tanga.

MBARAKA: Hapana, hapo nakukatiza. Hakuuliza rangi ya tanga. Aliuliza kama mashua inaelea.

ZUHURA: Aliuliza neno!

MBARAKA: Aliuliza ahadi. Mtaala ni ahadi kwa mwanafunzi: ukikaa hapa saa kadhaa, utatoka unaweza kufanya hiki. Chukua krediti za Ulaya, moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, na mwaka mzima ni 60. Huyo kijana anatoa saa 1,500 hadi 1,800 za maisha yake kwa mwaka. Ana haki ya kujua atakachoweza.

ZUHURA: Na nani anajua atakachoweza? Mtu wa takwimu au mtu ambaye hajagusa takwimu tangu shule?

MBARAKA: Ambaye hajagusa. Ndiyo maana ya seneti.

ZUHURA: Astaghfirullah.

MBARAKA: Sikia. Wa fani wamekwishapita, ndiyo idara, ndiyo kitivo. Kama na seneti ingekuwa ya wa fani tu, basi ni idara ileile imebadilisha chumba. Pale juu unamtaka mtu ambaye halimwelei...

ZUHURA: Hakupimiki.

MBARAKA: ...unamtaka huyo, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza naye ndivyo alivyo.

ZUHURA: Nikupe mfano. Cambridge. Kigriki kilikuwa lazima kwa kila anayetaka shahada, hata wa sayansi. Mwaka 1905 likapelekwa pendekezo la kukiondoa kwenye ulazima. Unajua waliopiga kura ni akina nani? Wenye shahada ya uzamili wote, hata waliokwisha kuondoka chuoni miaka mingi. Wakarudi kwa treni, wakapiga kura ya hapana, wakapanda treni. Kigriki kikabaki lazima hadi 1919. Hao ndio watu wako wa nje ya fani.

MBARAKA: Hao si watu wa nje ya fani, hao ni watu wa nje ya chuo. Usichanganye. Seneti ni walimu wenzako: maprofesa, wakuu wa vitivo, mwakilishi wa wanafunzi. Watu wa nje wako kwenye baraza la chuo, na kozi yako haifiki huko, au inafika kwa taarifa tu. Baraza unalikuta ukianzisha shahada mpya, au ukifunga programu, kwa sababu hapo kuna fedha na ajira. Hata Marekani, tamko la mwaka 1966 la vyama vya walimu, vyuo na bodi, yaani mabaraza ya vyuo vyao, linasema mtaala ni jukumu la walimu kwanza, na bodi ikipinga iwe kwa nadra na itoe sababu.

ZUHURA: Kwa hiyo umekubali ni jukumu la walimu.

MBARAKA: Walimu wote. Si wa idara moja.

ZUHURA: Unajua imenigharimu nini? Kikao kijacho ni baada ya miezi mitatu. Mwongozo wa mwaka unafungwa kabla ya hapo. Wanaoingia mwaka huu wataingia na mtaala wa zamani, na anayeanza na mtaala humaliza nao. Maana yake kundi zima, miaka mitatu, litafundishwa kuchora jedwali kwa rula. Kwa ajili ya kitenzi.

MBARAKA: Mwenyekiti angeweza kupitisha kwa masharti, urekebishe ndani ya wiki mbili. Hapo niko nawe. Lakini kurudisha kwenyewe siwezi kukulaumia watu. Kuna jambo silisemi mara nyingi.

ZUHURA: Liseme.

MBARAKA: Kikao kimoja, miaka hiyo, kulikuwa na orodha ya mambo ya kupita bila mjadala. Unajua zile: marekebisho madogo, zinapita kwa mkupuo, labda mjumbe aombe moja itolewe ijadiliwe. Moja ilisema idara fulani imefuta kozi yake ya utangulizi. Mstari mmoja tu. Nimeandika kwa mkono wangu, "Imepitishwa." Mwaka uliofuata idara nyingine ina kozi ya mwaka wa tatu ambayo sharti lake la awali ni ile iliyofutwa. Mfumo wa usajili unawakataa wanafunzi. Kuna kijana alikuwa anakuja dirishani kwangu kila asubuhi na karatasi ileile imekunjwa mara nne, mpaka pale pa kukunjia pakachanika. Wiki tatu. Hakuna mtu wa fani aliyeliona, Mwalimu, kwa sababu kwenye fani yao lilikuwa sahihi. Angekuwepo mzee mmoja wa kuweka kidole...

ZUHURA: Yule mzee angeweka kidole kwenye kitenzi, Katibu.

MBARAKA: Huna hakika.

ZUHURA: Ninayo. Nikuambie kitu? Ukurasa wa 60 wa andiko langu. Tunaondoa kozi moja ambayo wanafunzi wa idara nyingine huisoma. Panatakiwa barua ya ridhaa ya idara hiyo.

MBARAKA: Ndiyo.

ZUHURA: Haipo. Nimegundua usiku wa Jumatano, nikiwa natafuta hizo "elewa" 17. Watu wote mle ndani, milango mitano, hakuna aliyeuliza barua iko wapi. Wameona neno kwa sababu neno kila mtu anaweza kuliona.

MBARAKA: [kimya] Kwa hiyo lingepita Jumatano...

ZUHURA: Lingepita na shimo.

MBARAKA: Halafu unalalamika limerudishwa!

ZUHURA: Nalalamika limerudishwa kwa sababu isiyo yenyewe! Mlinzi akikukamata kwa kuvaa kofia, na mfukoni una funguo za wizi, huyo si mlinzi hodari. Ni bahati.

MBARAKA: Ila funguo zimebaki nje ya nyumba.

ZUHURA: Kwa bahati!

MBARAKA: Wewe umezigundua kwa kuwa alikurudisha ukapekue upya. Hiyo si bahati, hiyo ndiyo kazi yake.

ZUHURA: Basi tuwarudishe wote, bila kusoma. Tutagundua mengi.

MBARAKA: Sijasema hivyo.

ZUHURA: Umesema hivyo.

MBARAKA: Sijasema. Isikilizwe tena.

ZUHURA: [kimya]

MBARAKA: [kimya] Naona hapa hatutoki.

ZUHURA: Mimi sitoki. Anayesoma mtaala wa takwimu ajue takwimu, au aulize mambo anayoyajua: krediti, ridhaa, masharti ya awali, vitabu vipo maktaba au havipo. Vitenzi aviache.

MBARAKA: Na mimi nasema kitenzi ndicho mlango pekee ambao asiye wa fani anaweza kuingilia. Ukimfungia huo, umemwacha barazani.

ZUHURA: Akae barazani, kuna upepo.

MBARAKA: [anacheka] Haya. Tumebakiwa na dakika mbili. Yale mambo matatu?

ZUHURA: Milango tumeitaja.

MBARAKA: Tumeitaja kwa kulalamika, haihesabiki. Neno la mwisho hatujaligusa vizuri. Na wanaopeleka andiko mara ya kwanza?

ZUHURA: Wasifunge jalada mapema.

MBARAKA: Hilo tu? Kuna msikilizaji ametuandikia anaingia kikaoni wiki ijayo, amesema anategemea kipindi hiki.

ZUHURA: Maskini. Atafute ukurasa wa 31 wa kwake.

MBARAKA: Tutalipanga upya, wiki ijayo, au ile nyingine. Umeelewa?

ZUHURA: Hakupimiki.

MBARAKA: [anacheka] Nimeingia mwenyewe. Mwalimu, kabla sijazima, barua ya ridhaa umeshaiomba?

ZUHURA: Zima.

MBARAKA: Ile idara nawafahamu, wanajibu kwa mwezi...

ZUHURA: Katibu, zima.