Mashine ya nyasi ya betri au ya petroli? Soma chaja kabla hujatoa pesa

Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo tuko Kiamunyi, hapa Nakuru, kwenye ploti ya kawaida ya futi hamsini kwa mia: nyumba katikati, nyasi mbele, sukuma wiki nyuma, na ua wa kayaba kuzunguka. Swali ninaloulizwa sana ni hili: ninunue mashine ya nyasi ya petroli au ya betri? Nasema ile ya kushika mkononi, inayokata kwa uzi wa plastiki unaozunguka. Kwa boma kama hili nakuambia chukua ya betri. Ila ukiingia dukani ukaanza kukagua mashine, umeanzia mwisho. Anza na betri, na kabla ya betri, chaja. Nitakuonyesha ni kwa nini.

Kabla hujatoka nyumbani, pima nyasi zako. Sikusema ploti, nimesema nyasi. Tembea hivi, hatua ndefu moja uihesabu mita moja. Hapa mbele pana mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120. Angalia pia ni nyasi za aina gani. Hizi ni za kikuyu, zinasokotana chini, na mashine huhangaika nazo kuliko nyasi nyembamba. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea, ukikaa wiki tatu bila kukata utajuta. Ninyi wa Kakamega hilo mnalijua kuliko mimi, huko mvua haina likizo.

Na kama una ekari mbili kule Njoro, au kazi yako ni kukata nyasi za watu kutwa nzima, baki na petroli. Betri za kukutosha siku nzima zitakugharimu kuliko mashine yenyewe.

Haya, sasa betri. Kijana wangu, leta kamera karibu. Hapa pameandikwa 18V, ndizo volti. Hapa 4.0Ah, ndizo ampea-saa. Zidisha: 18 mara 4 ni 72. Hizo ni wati-saa 72, na hilo ndilo tangi lako la mafuta. Mashine ya uzi ikikazwa ikila kama wati 300, hizo 72 zinaisha kwa dakika 14 hivi. Usishtuke. Kidole hakikai kwenye kitufe muda wote; unasogea, unageuka, unaokota jiwe. Nyasi za hapa mbele zikiwa fupi, betri moja inazimaliza. Zikishafika magotini, andaa mbili.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Madukani na mtandaoni utakuta mashine zimeandikwa 48V, 88V, 98V, nyingine hata 198. Bei tamu, sanduku zuri la plastiki, betri mbili ndani. Usibishane na muuzaji. Mwambie tu, "Naomba nione chaja." Igeuze hivi, utafute neno Output, yaani umeme unaotoka. Umeona? Pameandikwa 21V. Ndani ya betri kuna vibetri vidogo vinavyoitwa seli, na seli moja ya lithiamu ya kawaida ikijaa hufika volti 4.2. Tano zikiunganishwa kwa mfululizo ni 21. Kwa hiyo ndani ya ile betri ya "98V" kuna safu ya seli tano tu, sawa na betri yoyote ya volti 18. Hakuna betri ya volti 98 inayojazwa na chaja ya volti 21. Simaanishi kwamba mashine haikati, inaweza kukata vizuri tu. Ila unanunua ya volti 18, basi lipa bei ya volti 18. Na ukiona kampuni moja imeandika 18V na nyingine 20V, zote ni seli tano zile zile. Mmoja amehesabu volti za kawaida, mwingine amehesabu betri ikiwa imejaa, kwa kukadiria.

Halafu ishike mkononi. Betri ya kweli ya 4Ah ina uzito wa karibu nusu kilo au zaidi. Ukipewa iliyoandikwa 6Ah na ni nyepesi kuliko simu yako, irudishe kwenye kaunta.

Bado tuko kwenye chaja. Soma Input, yaani umeme unaoingia. Ikiandikwa 100–240V au 220–240V, uko sawa. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke. Stima yetu ni ya volti 240 na itaiunguza. Nawaambia hasa ninyi mnaotumiwa vifaa na shangazi kutoka Marekani. Soma pia ampea: chaja ya ampea 2 inajaza betri ya 4Ah kwa saa mbili na ushee, ya ampea 1 inachukua zaidi ya saa nne, na stima ikipotea katikati, kazi imeahirishwa.

Baada ya hapo chagua familia. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine, na wakati mwingine hata ndani ya kampuni moja haziingiliani. Bosch za kijani, za nyumbani, na Bosch za buluu, za mafundi, zote ni volti 18, lakini betri zake hazibadilishani. Makita wana familia ya volti 18 na nyingine ya volti 40, kila moja na betri yake. Kama tayari una drili ya betri nyumbani, nenda nayo dukani uulize mashine ya nyasi inayotumia betri hiyo hiyo, tena iuzwe bila betri. Hapo ndipo unapookoa pesa.

Swali la mwisho dukani ni la mota: ina brashi au haina? Iwashe mahali penye kivuli uchungulie kwenye matundu haya ya hewa. Ukiona cheche za buluu zinarukaruka, hizo ni brashi za kaboni zinazosuguana ndani ya mota. Siyo mbovu, lakini brashi huisha na nguvu nyingine hupotea kama joto. Isiyo na brashi ni ghali, ila kwa betri ile ile inakata eneo kubwa zaidi. Mimi pesa ya ziada ningeiweka hapo kuliko kwenye betri ya tatu.

Kuna mzee atasema, "Petroli ina nguvu." Ni kweli, lakini injini inahitaji hewa, na huku kwetu hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zaidi ya asilimia 15 imeshapotea kabla hujaanza kukata. Hata Kisumu, mita 1,130 hivi, inapoteza kama asilimia 10. Mota ya umeme haijali urefu huo. Tena zile ndogo za petroli nyingi zinataka mafuta yachanganywe na oili, mililita 20 au 40 kwa lita kulingana na mashine, na ukiiacha miezi miwili bila kuitumia, petroli inaganda kwenye kabureta. Kwa betri hii, yuniti moja ya tokeni inaijaza zaidi ya mara kumi.

Tukate sasa. Vaa gambuti na miwani ya kinga, halafu okota mawe na vipande vya waya. Watoto na mbwa waingie ndani. Subiri umande ukauke, maana nyasi zenye maji zinamaliza betri haraka. Shika hivi, peleka kulia kwenda kushoto polepole, ncha ya uzi ndiyo ikate. Ukisikia mota inalemewa, inua, kata kwanza nusu ya juu kisha urudie chini. Uzi uwe wa unene ulioandikwa kwenye kijitabu. Hii inataka milimita 1.6. Usiifunge ule mnene wa mafundi, utaichosha mota bure. Na kabla ya kutoa nyasi zilizojisokota hapa, toa betri kwanza. Kila mara.

Kwenye kayaba, mashine ya betri ya kupunguza ua inameza vijiti vyembamba vya msimu huu bila shida. Tawi la unene wa kidole gumba liachie panga au msumeno. Glavu za ngozi ni lazima, mwiba wa kayaba hauna huruma.

Ukimaliza, usichomeke betri ikiwa bado ya moto. Iache kivulini ipoe kama nusu saa. Usiihifadhi kwenye stoo ya mabati, hasa ninyi wa Kisumu, joto la mchana humo ndani linaiua taratibu. Msimu wa kiangazi nyasi zisipoota, iweke kabatini ikiwa na chaji nusu, taa mbili kati ya nne za kwenye betri, siyo imejaa na siyo tupu.

Na ikifika siku haishiki chaji tena, usiitupe jalalani wala kwenye moto, inaweza kulipuka. Bandika tepu kwenye hivi vyuma vya mguso visigusane na kitu, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre. Ukiwa mbali, uliza dukani uliponunua kama wanapokea betri za zamani, na uliza siku ile ile unayonunua, risiti ikiwa bado mkononi.