Ndege wa uani na maua ya mwitu kabla ya vuli

Wazee wangu, akina mama na ndugu zangu wa Moshi,

Tumefika mwishoni mwa Agosti. Kipupwe kinaaga, na udongo wa nyua zetu umekauka tangu masika yalipokoma. Mbegu za nyasi zilizoiva baada ya mvua zimekwisha kupukutika au kuliwa, na wadudu wamepungua. Ndiyo maana nimeona mada hii haifai kungoja vuli, kwani mvua ikishaanza kazi niliyokuja kuieleza itakuwa imechelewa.

Haja ya kwanza ya ndege wakati huu ni maji. Sahani pana ya udongo yenye maji ya kina cha vidole viwili, na jiwe katikati ili ndege mdogo apate pa kusimama, inatosha kabisa. Maji hayo yamwagwe na sahani isuguliwe kila baada ya siku mbili, kwa kuwa viluwiluwi vya mbu huhitaji takribani wiki moja kukomaa, na hakuna kati yetu anayetaka kufuga mbu kwa kisingizio cha ndege.

Kuhusu nafaka, chiriku, mnana, shomoro na hua watakula mtama, uwele na ulezi, nao shore na pasa watafurahia kipande cha papai au ndizi mbivu. Wekeni kiasi kitakachokwisha kabla ya jua kuzama, mahali palipo wazi kiasi ambacho paka hawezi kunyemelea. Lakini naomba mnisikilize vizuri katika jambo moja. Wengi wetu huchukua mahindi au karanga zilizoota ukungu, tukaona kuwa ni hasara kuzitupa, tukawamwagia ndege. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sumu hiyo yenyewe ilikuja kutambuliwa kwa sababu ya vifo vya ndege: mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na uchunguzi ukaonyesha kuwa chanzo kilikuwa mashudu ya karanga waliyolishwa. Chakula kisichofaa kwa mtoto wako hakifai kwa chiriku.

Hata hivyo, nafaka ina mpaka wake. Chozi, yule ndege mdogo anayemetameta na mwenye mdomo uliopinda, hana haja na mtama wako. Yeye hunywa maji matamu ya maua na kula wadudu na buibui. Zaidi ya hayo, hata mnana, ambaye tunamjua kwa kula nafaka, huwalisha makinda yake wadudu, na wadudu hao huishi juu ya mimea waliyoizoea tangu zamani. Kwa hiyo anayetaka kulisha ndege kwa dhati apande, na apande mimea ya hapa.

Katika nchi za baridi watu humwaga mbegu za maua ya mwitu mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiwa bado ipo, kwa sababu mbegu nyingi za huko hazioti mpaka zikae wiki kadhaa katika unyevu na baridi. Sisi theluji yetu iko Kibo, wala haishuki uani. Mbegu zetu hungoja mvua, na anayeiga kalenda ya wenzetu akamwaga mbegu leo atawalisha sisimizi. Lakini usingizi wa mbegu upo hapa pia: mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni huota vibaya, na iliyohifadhiwa miezi kadhaa pakavu huota vizuri zaidi.

Nimeutaja mgagani kwa makusudi. Mama zetu waliuacha uchanue pembeni mwa migomba, nasi tukaja kuufagia na kuuita uchafu. Acheni baadhi ya mgagani, mnavu na mchunga vifikie kutoa maua na mbegu; wadudu watayafuata maua, na shore atakula matunda ya mnavu. Ongezeni marejea, ambayo maua yake ya njano huvuta nyuki na mizizi yake hurutubisha udongo. Kwa ajili ya chozi, pandeni machipukizi ya shubiri za mwituni, na ule mmea wa maua ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina kwa mafundo, ambao wataalamu huuita Leonotis. Mjakaranda ni mzuri, siukatai, ila asili yake ni Amerika ya Kusini. Gugu karoti ling'olewe kabla halijachanua, kwa mikono iliyovikwa glavu, kwani huwasha ngozi na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu.

Tayarisheni ardhi sasa: ng'oeni magugu, mwagieni maji kidogo ili yaliyojificha yachipue, kisha myang'oe tena. Mawingu ya vuli yakikaribia, changanyeni mbegu ndogo na mchanga mkavu, mzitawanye na kuzishindilia kwa ubao bila kuzifukia kwa kina. Funikeni kitalu kwa matawi ya miiba, kwani kuku ndio watakaofika kwanza.

Mbegu za mgagani na marejea nilizokusanya mwezi Juni ziko katika bahasha pale mezani. Kila kaya ichukue kijiko kimoja, na anayetaka shubiri aje nyumbani na ndoo.