Tope lina sumu, sawa, lakini mdudu anasemaje?

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele viti vipo, mi naanza.

Sisi tukitaka kujua kama mto umechafuka tunachota maji tunapeleka maabara, majibu yakija masafi tunashukuru Mungu tunaondoka. Sasa kemikali kibao zenye balaa hazikai majini, DDT kwa mfano, au zile PCB za mafuta ya transfoma za zamani, zinang'ang'ania uozo wa majani zinazama nao, zinalala kwenye tope miaka na miaka. Na huko chini kuna wenyewe, minyoo, kome, na mabuu ya vile vijidudu mnavyoviona Ziwa Victoria vikipanda juu kama moshi.

Basi mtu anapima tope, anakuta kadimiamu nyingi, metali yenye sumu, anapiga kelele hatari hatari. Ngoja kwanza. Nenda kwenye mikoko pale mto Msimbazi wa Dar unapoingia baharini, fukua kidogo tu, tope jeusi linanuka mayai viza. Harufu ile inatokana na salfaidi, na salfaidi inazifunga kadimiamu, risasi, zinki, nikeli na shaba zisiyeyuke, mdudu hazimfikii. Ikiwa salfaidi imezizidi metali hizo zote kwa jumla (kwa moli, yaani idadi ya chembe, siyo gramu, wanafunzi msinichanganyie hapo) basi kwa kawaida hazimdhuru. Ila lete mashine ya kuongeza kina uligeuzegeuze tope lile lipigwe hewa uone, salfaidi inaisha na metali zinaachiwa. Zebaki ndo kichwa ngumu kabisa, yenyewe bakteria wa humohumo pasipo na hewa wanaigeuza methili-zebaki, sumu kali zaidi, ikapanda mpaka kwenye samaki.

Kwa hiyo mi nasema kemia peke yake ni nusu ya kazi, muulize mdudu mwenyewe. Kuna kipimo cha OECD, shirika la kimataifa linaloweka miongozo ya kupima kemikali, namba 218, cha 2004, unachanganya kemikali na tope, unaliacha litulie, unatia mabuu wachanga wa Chironomus riparius, jamaa wa vile vijidudu vya ziwani, wanajijengea vijumba vya tope humo, wakikua wanakuwa wekundu kwa sababu wana himoglobini kama sisi. Siku 28, unahesabu wangapi wametoka wakaruka. Vifo kila mtu anaviona, mi huwa nawaangalia waliochelewa kutoka.

Ukishapata kiwango kisichodhuru mdudu wa maabara usikishike hivohivo, kigawe kwanza ndo upate kiwango salama cha tope la nje. Ulaya, ukiwa na kipimo kimoja tu cha muda mrefu unagawa kwa 100, viwili vya viumbe wanaoishi na kula tofauti unagawa kwa 50, vitatu 10. Huna hata kimoja cha tope? Unakisia kwa data za viumbe wa kwenye maji, ila kemikali inayopenda sana mafuta unagawa tena kwa 10, maana wadudu wa tope wanalila tope lenyewe.

Kinachonikera ni kwamba huyo riparius ni wa kwenye baridi, anapimwa kwa nyuzi 20, na bahari ya Dar haishuki hapo hata Julai. Wa kwetu wapo tele, kuwafuga ni beseni, tope safi, pampu ndogo ya hewa na chakula cha samaki kilichosagwa, nani hapa ana kona kwenye maabara yake atupe?