Acheni Kuhesabu Mafundo: Sufu na Rangi katika Mazulia ya Wakashkai

Mabibi na mabwana, naanza na neno ninalolirudia kila nikipewa kipaza sauti. Mliokwisha kulisikia, nivumilieni. Mnunuzi akiingia dukani hufunua pembe ya zulia, hutazama mgongoni, akaanza kuhesabu mafundo, akidhani wingi wake ndio ubora. Anahesabu kitu cha mwisho! Zulia la makabila ya wafugaji wa Iran, liwe la Wakashkai wa mkoa wa Fars au la Wabakhtiari wa milima ya Zagros, huharibika au husalimika kabla fundo la kwanza halijafungwa.

Chukueni sufu. Inayofaa hukatwa kwa kondoo aliye hai, ikiwa na mafuta yake ya asili. Hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu. Ukiitoa penye maji moto ukaitosa penye baridi, hushikamana na haichambuliki tena. Ipo nyingine, ya ngozi za machinjioni, inayong'olewa kwa chokaa. Chokaa huunguza unywele: sufu hukauka, hukatika, hunywa rangi kwa mabaka. Zulia lake hupendeza likiwa jipya, kisha hupukutika kila likifagiwa. Haya, hesabu mafundo yake.

Mtaniuliza: mafundo mengi si ndiyo kazi nyingi? Ni kazi nyingi, nani amekataa? Lakini gabe, lile zulia nene la wafugaji wa Fars, huwa na mafundo machache, na kati ya safu na safu hupitishwa nyuzi kadhaa za mshindio, yaani zinazokatiza upana. Lilifumwa lilaliwe hemani, penye baridi ya mlimani. Kulipima kwa kipimo cha hariri ya mjini ni kulionea.

Sasa rangi, na hapa sitaki haraka. Nyekundu ya Wakashkai hutoka kwenye mizizi ya mmea uitwao ronasi, na mizizi hiyo inataka miaka mitatu ardhini, au zaidi. Kwa kilo moja ya sufu kavu, yeyusha shabu (alumu) gramu 150 hadi 200 katika maji moto, pika sufu humo taratibu kama saa moja, iache ipoe humohumo hadi asubuhi. Shabu ndiyo inayoishika rangi. Ikipungua, nyekundu hutoka kwa maji. Ikizidi, sufu hunata vidoleni. Mizizi iliyosagwa, uzito sawa na sufu, hulowekwa usiku kucha. Ndipo sufu inatiwa na moto unapandishwa polepole, usizidi sana nyuzijoto 70. Hapo ndipo wengi wanapoharibu! Wanachemsha. Maji yakitokota, mizizi hutoa rangi yake ya udongo, na nyekundu yako inakuwa hudhurungi. Hakuna dawa ya kuirudisha. Maji yenye chokaa kidogo ndani yake, kama ya chemchemi za milimani, huing'arisha. Ndiyo, chokaa ileile niliyoilaani punde hivi; kilichotofautiana ni kiasi.

Sufuria ya hemani ni ndogo, kwa hiyo rangi ya zulia zima haipikwi mara moja. Nyuzi zikiisha, inapikwa nyingine, nayo haifanani kabisa na ya kwanza. Ndiyo ile mistari ya wekundu uliokolea na uliofifia inayokatiza zulia. Mnunuzi huiita dosari na kuomba apunguziwe bei, ilhali viwanda huigiza mistari hiyohiyo kwa mashine ili zulia lao lionekane la mkono!

Nyeusi tahadharini nayo. Ikipatikana kwa chuma, chuma hula sufu. Ndiyo maana katika zulia kuukuu sehemu nyeusi huwa zimebonyea na nyingine zimebaki juu.

Kitanda cha kufumia nacho kina lawama zisizo zake. Cha wafugaji hulazwa chini: boriti mbili, vigingi vinne, katikati mtande wa sufu, yaani nyuzi za urefu. Wakati wa kuhama ukifika, vigingi vinang'olewa, zulia lililofikia nusu linakunjwa na boriti zake, linapandishwa mgongoni mwa mnyama. Likitandazwa tena mahali pengine, mtande hauvutiki sawasawa na mwanzo, na upana hubadilika. Kupinda kwa namna hiyo si uzembe. UNESCO iliuandikisha ufundi wa Fars mwaka 2010, pamoja na wa Kashan, lakini msivichanganye: Kashan ni mjini, wenye kitanda cha kusimama na mchoro wa karatasi. Mwanamke wa Fars anafuma ya kichwani mwake.

Naonyeshwa saa. Nili nitaigusa tu: sufu hutoka pipani ikiwa ya kijani-manjano, na hewa ndiyo inayoigeuza buluu. Kilimu, yaani mazulia yasiyo na manyoya, na mifuko ya chumvi, siku nyingine.

Ila udanganyifu mmoja lazima niutaje. Fundo halali hushika nyuzi mbili za mtande. Mdanganyifu hushika nne, akamaliza kwa nusu ya kazi na nusu ya sufu. Manyoya husimama kwa unyonge na hulala mapema. Kunja zulia, manyoya yakiwa nje, yapanue kwa vidole, uone kila fundo limekaa juu ya nyuzi ngapi. Pima sehemu za rangi moja tupu, mbali na maua, maana huko ndiko anakojificha. Maswali, tafadhali, na yawe mafupi.