Wastani wa nini? Kuchora mkondo ndani ya kompresa

Asanteni. Leo tuna rota moja tu mezani, yaani gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya kompresa, mashine ya kukandamiza hewa: Rotor 37 ya NASA, ambayo watafiti Reid na Moore waliitolea ripoti mwaka 1978. Ina mapanga 36, huzunguka mara 17,188 na ushei kwa dakika, na kwa sekunde moja huvuta kilo 20.19 za hewa. Mwaka 1994 ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, kiliwapa wataalamu kazi ya kuuigiza mkondo wake kwa kompyuta bila kuonyeshwa vipimo, na majibu hayakulingana.

Ukishaiigiza, una kasi ya hewa kwenye nukta chungu nzima. Ukichora moja kwa moja mistari ya mkondo, yaani mistari inayofuata mwelekeo wa hewa, skrini inajaa nyuzi zilizosokotana. Inapendeza, lakini haimsaidii mbunifu. Yeye anataka kujua hewa iliyoingia karibu na kitovu inatokea kimo gani. Basi tunatafuta wastani kuzunguka duara zima, tunabaki na bapa moja: kitovu chini, kasha (ganda la nje la kompresa) juu.

Wastani wa nini, lakini? Wengi watajibu: wa kasi. Hapana. Ncha za mapanga haya zinakwenda mita 454 kwa sekunde, kuipita sauti. Kati ya panga na panga kuna wimbi la mshtuko, na densiti (masi ya hewa kwa kila ujazo) upande mmoja wa wimbi si ile ya upande wa pili. Wastani wa kasi peke yake utakupotezea masi. Chukueni wastani wa densiti mara kasi, mtoe nafasi iliyokaliwa na unene wa mapanga, kisha mjumlishe kutoka kitovuni kupanda juu. Mnaanza na sifuri. Mkifika kwenye kasha mmepata zile kilo 20. Choreni mstari kila kilo 2. Mstari ukipanda sasa, ni hewa iliyosukumwa juu kweli.

Kuna aliyeniuliza hapo nje: tutumie kasi anayoiona aliyesimama, au aliyepanda rota? Kwa mchoro huu ni mamoja. Kasi hizo hutofautiana kwenye kuzunguka tu, na kuzunguka hakumo kwenye bapa letu.

Ila msiiamini mistari hii kupita kiasi. Hakuna chembe ya hewa inayoifuata. Mgongoni mwa panga, karibu na kitovu, hewa inaweza kuwa inarudi nyuma, na wastani ukawaonyesha inasonga mbele bila tatizo. Mkisaka mkondo uliobanduka, yaani ulioachana na uso wa panga, choreni mistari mingine juu ya uso wa panga lenyewe.