Nani Huweka Mbolea Msituni?

Haya, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Shamba likilimwa mwaka baada ya mwaka bila mbolea, udongo huchoka. Msitu husimama mamia ya miaka na hakuna anayeupelekea hata gunia moja. Unakula nini?

Nasikia "jua", nasikia "mvua". Mmepata nusu. Jani hutumia nuru, maji na kaboni dayoksaidi kutengeneza sukari. Huo ni usanisinuru, mmeusoma, sitaurudia. Lakini mti hauishi kwa sukari peke yake. Unataka naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na hivyo hufyonzwa na mizizi kutoka udongoni. Visiporudi huko, mwisho vitaisha.

Sasa njooni kwenye gogo. Mti umeanguka, na wengi wakiupita husema umekufa, hauna kazi tena. Mimi nasema hapo ndipo shughuli zilipopamba moto. Mbawakawa hutangulia: hutaga mayai kwenye gome, na mabuu yao hutoboa vijia ndani ya mti. Maji hupenya, kuvu nazo hupenya. Ule uyoga mnaouona juu ni kiungo cha uzazi tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotapakaa ndani ya gogo, zikitoa vimeng'enya vinavyovunja lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu. Ni viumbe wachache wanaoiweza lignini, na kuvu ndizo mabingwa. Kule Oregon, Marekani, ipo kuvu moja iliyoenea chini ya ardhi kwenye eneo la takriban hekta 965. Hiyo, lakini, haingoji mti ufe. Huushambulia ungali hai. Turudi kwenye gogo letu: baada ya kuvu wanafuata mchwa, jongoo na bakteria, hadi gogo linakuwa mboji na mizizi ya jirani inakula.

Mti ukianguka huacha pia tundu juu. Katika msitu mnene wa tropiki, nuru inayofika chini ni kama asilimia 2 tu, pengine pungufu. Kuna miche iliyodumaa hapo miaka mingi. Tundu likifunguka, mbio zinaanza, na mingi itashindwa.

Kuna mwenzenu anauliza: mbona msitu ukifyekwa, shamba jipya halistawi muda mrefu? Swali zuri sana. Katika misitu mingi ya tropiki, sehemu kubwa ya virutubisho imo ndani ya miti yenyewe na majani yaliyoanguka, si ardhini. Ukibeba magogo, umebeba ghala. Kilichobaki, mvua inakichukua.

Mkienda msituni kwa zoezi letu, pindueni gogo moja, chunguzeni, kisha lirudisheni lilivyokuwa, maana wadudu wa chini yake hukauka upesi wakipigwa na jua. Na mkono usiingie pasipoonekana. Tandu na nge nao wanakaa humo, na hawajaambiwa kwamba mnakuja kusoma.