Ami yangu alokuwa akisoma habari, na kanda nnazozitafuta

Asalaam aleykum jamani, nyote mlioko Unguja na Pemba na sie wengine tulotawanyika, hamjambo? Mie niko Leicester, nimekaa hapa jikoni kwangu, leo sitoki kuwaonesha mitaa mana nna jambo limenikaa moyoni toka juzi.

Juzi nlikwenda kumpelekea jirani yangu mboga, bibi mmoja wa Kiingereza mtu mzima sana, nikamkuta anatazama East Midlands Today, hii ndo taarifa ya habari ya mkoa, BBC wanairusha kutoka Nottingham saa kumi na mbili unusu jioni. Sasa yule bibi anamwita msomaji kwa jina lake la kwanza kama mwanawe, ananambia leo kachoka huyu, mtazame macho. Wallahi nlisimama pale mlangoni na bakuli langu mkononi nikamkumbuka Ami.

Ami yangu ni msoma habari, au niseme alikuwa, keshastaafu. Jina sitolitaja mana mwenyewe hataki. Ni mtu wa Pemba, kaletwa Unguja mdogo, na anasema televisheni kaiona mara ya kwanza akiwa skuli bado. Na hili vijana wengi hawalijui, Televisheni ya Zanzibar ilianza 1973, na ilianza na rangi hasa, wakati Bara wenzetu walisubiri mpaka 1994 ndo ITV ikaanza kurusha. Ami anasema walikuwa wakijazana kwa mtu mwenye seti, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa nyuma, na taarifa ya habari ikianza hakuna wa kukohoa.

Lakini kazi hakuianzia kwenye kamera, kaanza redioni, Rahaleo, miaka ya themanini, na kitu cha mwanzo kupewa kusoma ni tanzia. Mtu wa nje hawezi kufahamu uzito wa tanzia kwetu, yani nchi nzima inaskiza, kafa nani, mtoto wa nani, ndugu wa nani, anazikwa wapi saa ngapi. Ami alikuwa kila karatasi anaisoma mara tatu kwa sauti, na jina asilolijua anauliza, hata kama aloleta karatasi keshaondoka atamfata nje. Alinambia ukisema maziko saa saba Mwanakwerekwe kumbe ni saa kumi Donge, umemnyima mtu kumzika mamaake, na hilo huwezi kuomba radhi ukasamehewa na moyo wako mwenyewe.

Alipohamia televisheni alikwenda na tabia ile ile. Nlikuwa nikikaa kwao, namuona baada ya alasiri anakaa barazani na penseli, anakata vistari kwenye karatasi, kistari kimoja pumzi fupi, viwili pumzi ndefu, na majina ya vijiji anayarudia kwa mdomo tu bila sauti, Kiuyu Minungwini, Kojani, Makangale, Shumba Mjini. Anasema mtu wa Makangale mwaka mzima pengine kijiji chake kinatajwa mara moja, basi hiyo mara moja akisikie kimetajwa sawasawa. Baadae wakaletewa kioo cha kusomea, maneno yanapita mbele ya kamera, lakini penseli yake hakuiacha. Hata 2013 redio na televisheni zilipounganishwa ikawa ZBC, yeye bado na penseli.

Sasa nifike nlipotaka kufika. Septemba 2011, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 10, Spice Islander. Meli imetoka Unguja kwenda Pemba, ruhusa yake abiria mia sita na kitu, ikapakia watu na mizigo kupita kiasi, ikazama karibu na Nungwi. Nyote mnaijua siku ile, hakuna nyumba haikuguswa. Kwetu alikuwemo mtoto wa shangazi, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa anarudi kwao Wete.

Ami siku ile ilikuwa zamu yake. Kaambiwa kama hawezi apumzike, kasema nitasoma. Asubuhi alikwenda Nungwi, mchana akawa Maisara kwenye maiti, anafungua shuka moja moja na wenzake, hakumuona. Usiku kavaa koti kaenda kukaa kwenye kiti.

Sie tuko nyumbani, chumba kimejaa, na Bibi, mamaake Ami, kakaa mbele kabisa. Ami akaanza kusoma. Sauti haikutetemeka, alifika kwenye neno hawajulikani walipo, akasita kidogo, ule msito wa vistari viwili mie naujua, akaendelea. Na Bibi hakuwa akiskiza habari hata kidogo, alikuwa anamtazama mwanawe uso. Taarifa ilipokwisha akasema, hajampata. Akainuka akenda kutia udhu.

Hakupatikana mpaka leo. Na kesho yake Ami alisoma tena, na kesho kutwa, zile siku tatu za maombolezo zote. Mimi nafikiri watu huwa wanaona msomaji kama mtu alosimama nje anatuhadithia sie yaliyotufika, kumbe kwa visiwa vyetu hivi hakuna nje, anasoma msiba na yeye ni mwenye kufiwa, na ukumbini kwake mna mkeka umetandikwa.

Nimemtafuta mtandaoni, usiku kucha, sikupata hata dakika moja ya miaka yake ya mwanzo ya televisheni. Nikampigia simu kumuuliza kama ana kanda, akacheka akasema tungeekea wapi, sisi tulisoma tukaenda nyumbani.

Basi nakuombeni. Miaka ile ya tisini watu wakirikodi harusi juu ya kanda za VHS zilokwisha tumika, mtu kesharikodi televisheni, inakuja harusi ya dadaake anarikodi juu yake. Kanda kama hizo zimo makabatini kwenu, chini ya mito, ndani ya masanduku ya mama zenu. Mkiweza kupata deki inayofanya kazi, itieni hiyo harusi, na bwana na bibi harusi wakishaondoka msizime, iacheni iende. Pengine nyuma yake yumo Ami, na koti lake la kijivu, anasoma.